Mvua ya Nandi, Maji ya Ahero

Mvua kubwa ikinyesha usiku Kisumu, asubuhi lazima mtu aulize kwa grupu: imefika ngapi? Milimita 50? 80? Ubishi unaanza kama ule wa Gor na AFC. Mimi niliacha chuo, lakini hiyo hesabu naimudu: milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba. Paa la mita 3 kwa 3 likipata milimita 50, hizo ni lita 450. Mitungi 22 na nusu.

Shida ni kwamba kipimo huhesabu tu kilichokiangukia. Maji yanayoingia nyumba za Ahero mara nyingi yamenyesha kwingine, Nandi na Kericho, yakashuka na Mto Nyando. Unaweza kulala anga ikiwa na nyota, uamke godoro linaelea.

Sasa, huyo mwenye kipimo kule juu ana deni kwa mtu wa chini asiyemjua? Kazini anatakiwa asome saa tatu asubuhi, aandike, basi. Hakuna atakayemlaumu akilala. Akipiga simu usiku bila kuagizwa, na maji yasifike, ataitwa mwenye kiherehere.

Bado nasema deni analo. Tangu aliposikia mabati yakinguruma, anajua kitu ambacho Ahero hawajui, na mto unahitaji muda kushuka. Muda huo unatosha kuhamisha mbuzi, magunia ya mchele, na nyanya asiyeweza kutembea. Achukue tochi atoke.