Kosa Moja Hutozwa Nane

Usiku wa kwanza bodi iliandika 128 na ikakataa kusonga.

Nilikuwa kwenye karakana ya fundi mmoja pale Kariobangi, saa nne usiku, kompyuta mapajani, harufu ya lehemu imejaa kila mahali. Fundi hutengeneza bodaboda za umeme. Alikuwa ameniomba kitu kidogo tu: bodi ya kusoma hali ya betri na kuituma kwa simu yake, ili asiwe akifungua kiti cha pikipiki kila mteja akija kulalamika. Yeye huniita injinia. Nimemwambia mara nyingi kwamba niliacha chuo mwaka wa tatu, lakini hajali.

"Injinia, hiyo kitu yako inasema nini?"

"Inasema 128, mzee."

"Hiyo ni nzuri ama ni mbaya?"

Sikuwa na jibu. Yaani nilijua nambari hiyo inamaanisha nini kwenye karatasi za chipu. Ila swali lake lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, na bado ninalibeba. Ukishahesabu makosa ya mtu, umejua nini kumhusu?

Wacha nieleze nambari ilitoka wapi.

Ndani ya pikipiki kama ile, betri, kidhibiti cha mota na kioo kilicho mbele ya dereva huzungumza kupitia waya mbili zilizosokotwa pamoja. Lugha yao inaitwa CAN. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuibuni mwaka wa 1983 na ikaitangaza mbele ya wahandisi wa magari mjini Detroit mwaka wa 1986. Magari yalikuwa yameanza kujaa vifaa vya elektroniki, na kila jozi ya vifaa ilitaka waya zake. Kwa hivyo wakaviweka vyote kwenye njia moja. Wahandisi huiita njia ya namna hiyo basi, na kwa kweli ni kama kuwa ndani ya matatu: mmoja akipiga simu, wote mnasikia mambo yake.

Kwenye bodi yangu, kazi ya kuongea na basi niliipa chipu inayoitwa MCP2515. Ina miguu 18. Upande mmoja inazungumza na kompyuta ndogo ya bodi. Upande wa pili, kupitia chipu nyingine inayosukuma volti kwenye waya, inazungumza na basi. Ukichora bodi ya namna hii unaweka kristali karibu na chipu, kapasita mbili ndogo kando yake, njia za shaba fupi iwezekanavyo. Kristali ndiyo saa ya chipu. Kila kitu kinachosemwa kwenye basi kinapimwa kwa saa hiyo.

Sasa, kilichonivutia ni adabu za basi. Hakuna mwenyekiti pale. Hakuna kifaa kinachosimamia vingine. Badala yake, kila chipu hujihesabia makosa yake yenyewe. Ukituma ujumbe na ukaharibika njiani, unajiandikia 8. Ukifika salama, unajifutia 1. Fikiria hesabu hiyo kidogo. Kosa moja hutozwa nane, na jema moja hurudisha moja. Kila ukikosea mara moja, ni lazima ufanye vizuri mara nane ndipo urudi ulipokuwa.

Daftari lako likifika 128, unashushwa cheo. Bado una ruhusa ya kuongea, lakini ukimaliza lazima usubiri kidogo zaidi kabla ya kujaribu tena. Pia unapoteza haki ya kukatiza wengine ukidhani umeona kosa lao. Ukifika 256 unatoka kabisa. Hakuna askari wa kukusukuma mlangoni. Chipu yako mwenyewe inafunga mdomo. Na ukitaka kurudi, ni lazima kwanza usikie waya umetulia mara 128, kila mara kwa muda wa biti 11. Yaani unakaa kimya na kusikiliza, kisha unarudishiwa daftari safi. Hakuna anayekukumbusha ya jana.

Niliposoma haya mara ya kwanza, nikiwa bado chuoni, nilidhani nimeona mfumo wa haki kuliko yote. Sisi tumezoea kuishi na watu wasiojihesabia chochote. Nyani haoni kundule, tunasema, halafu tunampigia nyani kura. Na hapa kuna kipande cha silikoni chenye uwezo wa kusema: labda shida ni mimi, wacha nitoke nisiwaharibie wengine.

Kuna sheria nyingine ndogo ninayoipenda zaidi. Chipu ikiona kosa kwenye ujumbe wa mwingine, hupiga kelele ili ujumbe ule utupwe na wote. Lakini ikigundulika kwamba ilikuwa ya kwanza kupiga kelele, kabla ya wengine wote, inajitoza nane yenyewe. Kwa sababu gani? Kwa sababu kama wewe ndiwe pekee uliyeona kosa, huenda kosa liko machoni pako.

Nirudi kwa 128. Usiku ule wa kwanza bodi ilikuwa mezani, peke yake, haijaunganishwa na pikipiki. Kwenye CAN kila ujumbe unahitaji angalau kifaa kimoja kijibu "nimesikia". Bodi yangu ilikuwa ikiongea na hakukuwa na wa kujibu. Kila kimya kilihesabiwa kuwa kosa: 8, 16, 24, hadi 128. Hapo ikasimama. Ingeendelea kuongea mpaka asubuhi na nambari isipande. Walioandika sheria walifikiria hali hii. Ukiongea na hakuna anayekusikia, utashushwa cheo, lakini hutatupwa nje. Kukosa msikilizaji si kosa la kutosha kukufukuzisha.

Mzee alipoona nimenyamaza, akarudia. "Ni nzuri ama ni mbaya?"

"Ni upweke tu," nikamwambia. Akacheka, akaenda kufunga mlango.

Usiku wa pili niliiunganisha na pikipiki. Nambari ikapanda ikapita 128, bodi ikatoka kwenye basi. Ikarudi. Ikatoka tena. Makosa 32 mfululizo yanatosha, na kwa kasi ya waya ule yanaisha kabla hujapepesa jicho. Mbaya zaidi, kila iliporudi, kioo cha pikipiki kiliwaka alama nyekundu na kuzima. Pikipiki iliyokuwa sawa ilikuwa inaugua kwa sababu yangu.

Nilikagua lehemu zote. Nikapima waya kwa mita: omu 60, jinsi inavyotakiwa, rezista mbili za 120 kila moja mwisho wake. Nikachora upya njia za shaba kwenye kompyuta. Kufikia saa nane usiku sikuwa nikikagua bodi tena. Nilikuwa nimeanza kujikagua mimi. Wewe uliyeacha chuo, nani alikwambia unaweza hii kazi?

Sauti hiyo ninaijua. Nilikutana nayo mwaka wa tatu.

Mwaka huo matokeo yalipotoka, masomo mawili hayakuwa na alama. Aliyewahi kusoma chuo hapa Kenya anajua habari ya alama kupotea. Mtihani umefanya, karatasi umesaini, lakini kwenye mfumo kuna pengo, na muda ukipita pengo linasomwa kama umefeli. Nilienda idarani, nikaambiwa niende kwa mhadhiri. Mhadhiri alikuwa wa muda na alikuwa ameshaenda. Nikaambiwa nijaze fomu. Nikajaza. Muhula uliofuata, pengo likahesabiwa dhidi yangu, nikatakiwa kurudia masomo na kuyalipia upya. Pesa hazikuwepo.

Lakini sitaki kujifanya malaika. Muhula huo huo nilikosa majaribio mawili kwa sababu nilikuwa nafanya kazi ya usiku na nililala. Hayo ni yangu. Na kwa kuwa nilikuwa na makosa mawili ya kweli, nilipotozwa mengine ambayo hayakuwa yangu, sikuyabisha. Niliandika yote kwenye daftari langu. Nikajitoa kimyakimya. Hata nyumbani niliwaambia nimeshindwa, si kwamba kuna kitu kimepotea. Nilidhani huo ndio uungwana, kuwa kama ile chipu.

Kuna jambo sikulijua wakati huo. Mwaka wa 2016 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan, Kyong-Tak Cho na Kang Shin, walionyesha kwamba adabu hii ya CAN inaweza kugeuzwa kuwa silaha. Mtu mwenye nia mbaya akishaingia kwenye basi, anangoja kifaa kisicho na hatia kianze kuongea, naye anaongea wakati ule ule, kwa jina lile lile, ila anabadilisha biti moja. Kifaa kinaona ulichosema si ulichosikika kwenye waya. Kinajiandikia nane. Kisha nane nyingine. Kinaendelea kujitoza mpaka kinajifungia nje, kikiamini kabisa kwamba kimeharibika. Hakuna aliyekigusa. Kimejihukumu kwa ushahidi ulioandikwa na mwingine.

Hapo ndipo mapenzi yangu kwa mfumo huu yalipoingia doa. Kujihesabia makosa ni wema pale tu ambapo waya ni wa kweli. Mahali ambapo kuna mtu anaweza kukuandikia makosa, mwaminifu ndiye wa kwanza kutoka. Mkaidi asiyejihesabia chochote anabaki ndani, anaongea.

Kwa hivyo tufanye nini, tuache kujihesabia? Nilifikiria hivyo kwa muda. Nikajiambia kuanzia leo kila kosa ni la mfumo. Lakini bodi yangu ilikuwa bado inawasha alama nyekundu kwenye pikipiki ya watu.

Usiku wa tatu mzee alikuja na chai, akakaa kando yangu, akaitazama bodi.

"Hii kitu yako inaongea tu?"

"Inauliza betri hali yake."

"Mbona iulize kabla haijasikia wengine wanaongea namna gani?"

Ile chipu ina hali ya kusikiliza tu. Ukiiweka hapo, haitumi chochote, haijibu, haikatizi mtu. Nilikuwa naijua, sikuwa nimeitumia. Nikaiweka. Pikipiki ikatulia. Na bodi yangu, kimya pale, haikuelewa hata ujumbe mmoja wa betri. Kwake kila kitu kilichosemwa kwenye basi kilikuwa makosa.

Betri, mota na kioo vyote vinaelewana, na ni mimi tu ninayesikia upuzi? Hapo nikainama nikaitazama kristali. Nilikuwa nimeitoa kwenye bodi ya zamani. Juu yake imeandikwa 8.000. Programu yangu, niliyoitoa kwenye kazi nyingine, iliamini ni 16. Saa ya bodi ilikuwa inatembea nusu ya mwendo niliodhani, nayo haikuwa na namna ya kujua.

Nilibadilisha mstari mmoja wa programu, nikairuhusu iongee. Nambari ikabaki 0.

Nimeifikiria kristali ile sana. Chipu ilihesabu sawasawa, haikudanganya hata mara moja. Ilistahili kutoka kwenye basi, kwa sababu ilikuwa inaumiza wengine, na hilo halitegemei kosa ni la nani. Lakini nambari ile inajua ni ngapi tu. Haijui ni kwa nini. 256 ya saa mbaya, 256 ya waya uliokatika na 256 ya kuonewa zinafanana kabisa. Kazi ya kutafuta kwa nini lazima ifanywe na mtu mwingine aliye tayari kuinama na kutazama, na mwenye kuhesabiwa naye lazima akubali kutazamwa.

Mimi nilichanganya mambo mawili. Nilidhani kujitoa ni kukiri. Na waliokuwa na daftari la alama walidhani kuhesabu ni kuchunguza. Hakuna aliyeinama kutazama kristali, hata mimi mwenyewe.

Wiki iliyopita niliandika barua kwa idara. Nimetaja masomo mawili ambayo alama zake zilipotea, tarehe za mitihani na kiti nilichokalia. Sikutaja yale majaribio mawili niliyoyakosa nikiwa nimelala, kwa sababu hayo siyadai. Sijajibiwa bado.

Nilimwonyesha mzee barua kabla ya kuituma. Aliisoma polepole, akanirudishia.

"Wasipojibu?"

"Nitaandika tena."

Akatikisa kichwa, akarudi kwa pikipiki yake. Bodi imefungwa chini ya kiti sasa, imezungushiwa mpira mweusi. Inauliza betri mara moja kila sekunde, na betri inajibu.