Nyambizi Chini ya Waogeleaji

Mwaka 1876 Rumanyika, Omukama (mfalme) wa Karagwe, alimfungulia msafiri Henry Stanley nyumba yake ya hazina. Mlikuwa na mikuki, sanamu za ng'ombe za shaba, na bunduki aliyopewa na msafiri mwingine, John Speke, aliyepita huko mwaka 1861. Bunduki hiyo iliwekwa mahali pa heshima. Kwa hiyo mtu wa Nyabiyonza, hapo Karagwe, asidhani kwamba kuhifadhi silaha ili zitazamwe ni jambo la kigeni. Karagwe ilifanya hivyo kabla Japani haijafungua Yushukan, mwaka 1882.

Yushukan ni makumbusho ya vita yaliyomo katika eneo la hekalu la Yasukuni, Tokyo. Mgeni hukuta ndege ya Zero, kichwa cha treni kilichotumika kwenye reli ya Burma, na Kaiten: torpedo ambayo mtu aliingia ndani yake akaiongoza hadi ikalipuka pamoja naye. Hapohapo hekaluni huheshimiwa roho za watu karibu milioni 2.5 waliokufa kwa ajili ya Japani. Ibada na silaha vinapakana ukuta. Aliyeiendesha Kaiten analiliwa. Aliyepigwa nayo hayumo kati ya roho hizo.

Waafrika Mashariki wanamjua mtu kama huyo wa pili, ingawa torpedo iliyompiga haikuwa Kaiten. Februari 1944, meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo katika msafara wa meli tano, ukilindwa na manowari za Uingereza. Ilibeba watu 1,511, wakiwamo wauguzi na askari 996 wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili. Meli ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297.

Na hapa kisa kinakuwa kigumu. I-27 ilijificha chini ya manusura waliokuwa wakielea, wakingoja kuokolewa. Manowari Petard ikapita katikati yao ikiangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji, ambayo mshindo wake humpasua mtu aliye karibu hata asiguswe na chuma. Baadhi ya waliopona torpedo za Mjapani wakauawa na mabomu ya upande wao wenyewe. Nyambizi ilishindwa kustahimili, ikaibuka, na baada ya mapigano marefu Petard ikaizamisha.

Je, nahodha wa Petard alitenda dhambi?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliona swali hili mapema. Adui akijikinga kwa mateka Waislamu, je, ni halali kumpiga? Alijibu kwamba ni halali iwapo tu jambo ni la dharura, lina hakika, na linaokoa umma mzima. Kisha akaleta mfano wa chombo kilicho hatarini: abiria hawaruhusiwi kumtupa mmoja wao baharini ili wengine wapone, kwa kuwa watu wa chombo si umma. Karne ya 13 mwanateolojia Mkristo Thomas Aquinas alishika njia nyingine: tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili, na mtu hupimwa kwa lile alilolikusudia, mradi asitumie nguvu kupita haja.

Kwa Aquinas nahodha huenda akapona, kwani alilenga nyambizi, na meli nne zilizobaki zilijaa watu. Kwa Ghazali anaanguka: msafara mmoja si umma. Kipimo cha Ghazali kina uzito zaidi, kwa sababu kinamhesabu yule aliyemo majini, ambaye kusudi la nahodha halimsaidii kitu. Nahodha anastahili huruma. Nishani kwa tendo lile, hapana.

Makumbusho mengi ya vita hayafiki kwenye swali hilo. Kibao kilicho mbele ya torpedo hutaja urefu, uzito na mwaka wa kuundwa, mtoto akasoma, akapiga picha, akaondoka amefurahi.

Askari wengi wa Kikosi cha 301 wameandikwa majina kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Nairobi. Walimu wa historia wa Nyabiyonza na Karagwe yote waziulize familia zilizopoteza mtu katika vita vya Hitla, wayatafute majina hayo, na wakifundisha kisa cha Khedive Ismail wasiyaruke mabomu ya Petard.