Siri ya Mja Mzito Ni ya Nani?

Katika Kiswahili kuna maneno mawili ambayo wanafunzi wetu wa Manibe aghalabu huyachanganya: kuficha na kusitiri. Mwizi huficha, nguo husitiri. Anayeficha huogopa kugunduliwa, lakini anayesitiri huhifadhi heshima, iwe yake au ya mwenziwe. Tumeona yafaa kuanza na tofauti hii kwa sababu mama anapokataa habari za uzazi wake zisomwe na kila mtu, huulizwa mara moja, "Una nini cha kuficha?" Swali hilo limekwisha kumhukumu kabla hajajibu.

Siri ya uzazi si kama siri nyingine. Mwenye deni aweza kulinyamazia mpaka alilipe; lakini mja mzito hana budi kuufunua mwili wake mbele ya mkunga, na kuyaacha maneno yake daftarini, ndipo apate kutunzwa. Siri yake haikutoka kwa ulegevu wa ulimi, bali kwa haja. Basi aliyeipokea ameipokea kama amana, na mtunza amana hana ruhusa ya kuigawa, hata akiombwa na mkubwa.

Na mkubwa aliomba. Tarehe 23 Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya aliwaagiza makamishna wa kaunti, pamoja na wakurugenzi wa elimu na wa afya, wakusanye habari za wanafunzi wenye virusi vya UKIMWI, za walezi wao, na za waja wazito na mama wanyonyeshao walio na virusi hivyo. Hatudhani kwamba nia ilikuwa mbaya. Lakini shirika la KELIN na wenzake walikwenda mahakamani, na mwezi wa Desemba 2016 hukumu ya Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu, Nairobi, ikasema kwamba agizo lile lilivunja haki ya faragha na maslahi ya mtoto. Serikali ikapewa siku 45 kuyageuza majina yawe alama, yasipate kuunganishwa na hali ya mtu.

Kwa maoni yetu hukumu hiyo ilikata mahali penyewe. Haikusema kwamba serikali isijue kitu. Dawa huagizwa kwa idadi, haziagizwi kwa majina. Anayehitaji jina ni yule anayemtibu mgonjwa.

Iko hoja iliyo ngumu zaidi. Kwetu, kama kwingi Afrika, mtoto ni wa ukoo, na mume atasema kwamba tumbo la mkewe lamhusu. Sheria ya Uganda ya mwaka 2014 kuhusu UKIMWI yamruhusu mganga, akiona hatari iliyo dhahiri, kumjulisha mwenzi wa mgonjwa. Hatuwezi kuikataa moja kwa moja, maana uhai wa mwenzi nao ni uhai. Lakini kumwonya mtu mmoja aliye hatarini ni jambo moja, na kuandika orodha itakayopita meza kumi ni jambo jingine kabisa. Mama akishaiogopa orodha hatakwenda kituo cha afya, na hapo atakayeumia wa kwanza ni huyo huyo mtoto wa ukoo.

Sisi walimu tusijione tuko mbali na haya. Mwaka 2022, Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba kuwapima wasichana mimba kwa lazima katika shule za Tanzania kulivunja haki zao, faragha ikiwa mojawapo. Katazo la kurudi shuleni lilikuwa limeondolewa Novemba 2021. Kabla ya hapo shule ilipojua, msichana alifukuzwa. Daktari ana kiapo chake. Mwalimu ana daftari la mahudhurio tu. Nafasi ya kuandikia sababu humo ni nyembamba, na neno "ruhusa" laenea vizuri.