Tabibu na Haki ya Nafsi Yake

Ndugu zetu, hapana mzazi katika Kilindini wala Mji wa Kale asiyefurahi kumwona mwanawe amekubaliwa kusoma udaktari. Twamwombea dua, twamchangia ada, kisha twamngojea arudi amevaa koti jeupe. Lakini ni wachache waulizao: katika miaka sita ile ya chuo, na mwaka wa mazoezi unaofuata, je, kijana huyu hufunzwa nini juu ya nafsi yake? Na hufunzwa nini juu ya dawa ambazo mamake na nyanyake wanazo nyumbani? Maswali haya mawili yaonekana mbalimbali, nayo kwa hakika ni ya shina moja.

Tuanze na la kwanza. Wako wasemao kuwa tabibu mwema ni yule asiyejihurumia: ale asile, alale asilale, maadamu wagonjwa wako mlangoni. Akitaja uchovu, huambiwa kuwa yeye ni dhaifu na kazi hii si yake. Maneno haya yana sura ya ucha Mungu, kwani Mwenyezi Mungu amewasifu Ansari kwa kuwatanguliza wenzao mbele ya nafsi zao, hali wao wenyewe ni wahitaji. Lakini tazama vizuri, ewe msomaji. Ansari walitoa kilichokuwa chao: chakula chao, mali yao na nyumba zao. Tabibu aliyekesha usiku wa pili, akakosea kipimo cha dawa, ametoa kitu gani kilicho chake? Usalama wa mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Hapo hapana ukarimu. Hapo pana amana iliyopotezwa.

Bwana Mtume (S.A.W.) alimkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili naye ana hasira. Wanazuoni wetu wakaitafuta sababu ya katazo hilo, wakaona kuwa si hasira peke yake, bali ni kila kiivurugacho akili: njaa, kiu, usingizi, maradhi na huzuni. Basi ikiwa kadhi mwenye usingizi hatakiwi kuamua ugomvi wa shamba, ambao waweza kurejewa kesho, itafaaje kumweka kijana mwenye usingizi aamue juu ya damu na pumzi, ambazo zikishatoka hazirejei? Na Salman alipomwona nduguye Abu Dardaa amezama katika kufunga na kusimama usiku hata amemsahau mkewe, alimkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume, alisema kuwa Salman amesema kweli. Ikiwa hata ibada haikupewa ruhusa ya kuila haki ya nafsi, kazi nyingine itapewaje?

Na tuangalie bandarini petu. Baharia wa meli inayofunga gati Kilindini amewekewa mpaka na mkataba wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014: asipungukiwe na saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, wala saa 77 katika kila siku saba. Watu wa bahari wamejua kwamba usingizi huzamisha meli. Je, makasha ya bidhaa yawe na thamani kuliko wazee wetu waliolazwa Makadara?

Wala jambo hili si geni la kuletwa na Wazungu. Ishaq bin Ali al-Ruhawi, katika karne ya tisa ya Miladi, aliandika kitabu kizima juu ya adabu za tabibu, na ndani yake akamtaka auchunge mwili wake na roho yake mwenyewe. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, akaandika juu ya maslahi ya miili na nafsi pamoja, akieleza kuwa nafsi nayo huugua na hutibiwa. Chama cha matabibu wa dunia, ambacho kiapo chake ni cha mwaka 1948, hakikutia humo ahadi ya tabibu kuitunza afya yake mwenyewe ila katika mwaka 2017.

Basi chuo na kimfunze kijana namna ya kulala, kula na kuzitunza sala zake. Namna ya kulizungumza jonzi la mgonjwa aliyemfia mkononi. Na kwamba kuitafutia nafsi matibabu si aibu. Lakini somo peke yake halitoshi. Kumsomesha mtu fadhila za usingizi, kisha ukamnyima usiku wa kulala, ni dhihaka. Madaktari wa Kenya waligoma siku 56 katika mwaka 2024, na haki za madaktari wanagenzi zilikuwa katika madai yao makubwa. Atakaye daktari mzima na ampe ratiba ya binadamu.

Sasa tuje kwenye la pili. Mgonjwa wa sukari huja hospitali naye nyumbani anywa mwarobaini, au karela, au habba soda. Mwingine amekunywa shubiri, mwingine amepigwa chuku. Haya hayasemi, kwa kuwa aogopa kukemewa. Na madhara yako hapo hapo penye kimya: karela pamoja na dawa ya hospitali huweza kuishusha sukari kupita kiasi, shubiri ikizidi hukausha maji na chumvi za mwili, na wembe wa chuku usio safi huambukiza homa ya ini na ukimwi. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya asili, na Muhimbili, Dar es Salaam, wameichunguza tangu 1974. Itakuwaje daktari wa pwani asijue hata kuiuliza?

Hatusemi kila mzizi ni dawa. Mwaka 2011 maelfu ya watu, na wengine kutoka Kenya, walikwenda Loliondo kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu kwa shilingi 500 za Tanzania. Wako walioacha dawa zao za ukimwi, wakaangamia. Wala hatusemi kila mzizi ni upuuzi. Dawa mseto tunayomeza kwa malaria imetokana na mmea wa Kichina, ambao Tu Youyou aliuongozwa na kitabu cha kale, akaupima, akapata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kilichotenga baina ya viwili hivi ni kipimo. Mtume aliagiza Saad bin Abi Waqqas apelekwe kwa Harith bin Kalada, aliyejulikana kwa ujuzi wake wa tiba. Na akasema kuwa ajitiaye utabibu bila ya kujulikana nao hubeba dhamana. Ama ramli na hirizi za kuogopesha watu, hizo si tiba. Ni kula mali za wanyonge na kuharibu itikadi zao.

Na hapa ndipo mambo mawili yakutanapo. Mwanafunzi anyamazishwaye asemapo amechoka, hujifunza kumnyamazisha mgonjwa asemapo amekunywa habba soda. Aliyesikilizwa ndiye ajuaye kusikiliza. Daktari wa namna hii, Ramadhani ikikaribia, hamwambii mgonjwa "usifunge" akageuka. Huketi naye kabla ya mwezi kuandama, wakapima hatari yake na kupanga nyakati za dawa, na asiyeweza kufunga akaelezwa kwa upole mpaka akaikubali ruhusa aliyopewa na Mola wake.

Basi enyi wazazi, mwanenu akirudi likizo msimwulize alama zake tu. Mwulizeni pia yu hali gani. Nanyi mlio na mamlaka ya vyuo na hospitali, ifanyeni elimu hii kuwa somo, na mapumziko kuwa kanuni. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape matabibu wetu afya ya miili na nafsi, na awaponye wagonjwa wetu kwa mikono yao. Amin.