Vijana, Nendeni Mkutanoni

Kuna neno moja ambalo vijana wetu wanalirudia siku hizi katika parokia nyingi, za mjini na za mashambani, nalo ni hili: "Kuna faida gani?" Kijana aulizwa kama amejiandikisha kupiga kura, ajibu, kuna faida gani. Aitwa mkutanoni, ajibu vivyo hivyo. Tusikimbilie kumkemea. Kijana huyu si mvivu, wala si mpumbavu. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, aliona mambo ambayo wengi wa wazazi wake hawakupata kuyaona: vijana wenzake barabarani, risasi, mtandao kuzimwa, na baada yake matanga. Maaskofu wetu walilaani mauaji yale. Na Rais mwenyewe, alipolifungua Bunge hapa Dodoma tarehe 14 Novemba mwaka huo, aliwapa pole waliofiwa na kutangaza tume ya uchunguzi. Basi mtu anayemwambia kijana, "Piga kura, ni wajibu wako," kisha akaishia hapo, asishangae asiposikilizwa.

Sisi hatuandiki leo ili kumwambia kijana kwamba mambo yote ni mema. Twaandika ili kumwonyesha mahali pamoja ambapo kutokuwapo kwake kunamdhuru yeye mwenyewe kuliko anavyodhani, tena mahali palipo karibu na mlango wa nyumba yao. Mahali hapo ni mkutano mkuu wa kijiji.

Na tuanze na habari iliyomo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Nabothi, mtu wa Yezreeli, alikuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alilitaka. Tena hakuanza kwa ujeuri. Alitoa bei, akaahidi hata shamba lililo bora zaidi mahali pengine. Nabothi akakataa, kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Ahabu akarudi nyumbani, akalala kitandani, akageuza uso wake, asile chakula, kama mtoto aliyenyimwa kitu. Ndipo Yezebeli mkewe akaandika barua kwa jina la mfalme na kuzitia muhuri wake. Watu wengi wakumbuka habari hii mpaka hapa, kisha waruka mpaka Eliya anapokuja na hukumu ya Mungu. Lakini yaliyo katikati ndiyo yanayotuhusu.

Barua zile zilipelekwa kwa nani? Si kwa askari. Zilipelekwa kwa wazee na wakuu wa mji uleule aliokaa Nabothi. Wakaambiwa waitishe watu, wamweke Nabothi mbele yao, na mashahidi wawili wa uongo wamshuhudie kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Nao wakafanya hivyo. Mkutano uliitishwa, watu wakaja, mashahidi wakasema, Nabothi akatolewa nje ya mji, akapigwa mawe. Kila kitu kilifuata taratibu. Maandiko hayatuambii kwamba katika mkutano ule alisimama hata mtu mmoja akauliza, "Jamani, hawa mashahidi ni akina nani, na wamesikia wapi maneno haya?" Jirani zake walikuwapo, hapana shaka walikuwapo na watu waliokula pamoja naye. Na Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 9, chataja pamoja na damu ya Nabothi damu ya wanawe. Vijana wa nyumba ile walilipa deni la ukimya wa wazee wa mji.

Sasa na turudi katika nchi hii yetu ya katikati, ambako mizabibu huota kama ilivyoota Yezreeli. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa kweli, neno lililokuwa likingojewa tangu uamuzi wa 1973, ardhi iliyokuwa ya uwele, mtama na alizeti imekuwa mali. Dodoma ilipewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018. Mji wa Serikali umesimama Mtumba. Treni ya umeme yafika kutoka Dar es Salaam tangu 2024. Vijiji vya Chamwino na Bahi vinavyopakana na Jiji vimejikuta ghafla ni majirani wa jumba la mfalme, kwa namna ya kusema. Hatusemi kwamba kila anayetafuta shamba huko ni Ahabu. Wengi ni watu waadilifu wanaotaka mahali pa kujenga. Twasema tu kwamba bei ikipanda, barua huanza kuandikwa.

Wazee wa Dodoma hawahitaji kuelezwa jambo hili. Kwa zaidi ya miaka arobaini ardhi ya mji huu iliamriwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, chombo ambacho mwananchi hakukichagua, mpaka kilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kupewa halmashauri ya mji. Malalamiko ya viwanja yaliyoachwa yalikuwa mengi. Chombo kisichochaguliwa hakina mtu wa kuogopa kura yako.

Lakini kijijini sheria yasema vingine, nasi twasikitika kwamba vijana wachache sana waijua. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Hakuchaguliwa na mtu, hahitaji kadi ya chama, wala hahitaji kuwa na mke au ng'ombe. Mkutano huo ndio mamlaka ya juu katika kijiji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, huchaguliwa nao na hutoa hesabu mbele yake. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaiagiza halmashauri kuitunza ardhi kama mdhamini, si kama mwenye mali: haiwezi kumgawia mtu ardhi pasipo kibali cha mkutano mkuu. Hata ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwa faida ya umma, kama haizidi hekta 250 mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, lakini maoni ya mkutano sharti yatangulie.

Na tuseme basi kwamba mkutano umeitishwa chini ya mbuyu. Wamekuja wazee ishirini, akina mama kadhaa waliokaa pembeni, mwenyekiti na mtendaji. Vijana wako kijiweni, au wameenda mjini na bodaboda, au wapo nyumbani na simu mkononi wakilaumu serikali. Mtendaji asoma: bwana fulani aomba ekari mia mbili. "Kuna mwenye swali?" Hapana. "Wanaokubali?" Mikono yanyoshwa. Muhtasari waandikwa, wapigwa muhuri. Baada ya miaka mitano kijana arudi kutafuta mahali pa kulima, akuta uzio. Huyo aliyetia sahihi alifuata taratibu, kama wazee wa Yezreeli. Nani atamshtaki?

Najua jibu: "Padre, hata tukienda, mambo yamekwisha kupangwa." Huenda. Jambo hili si geni katika nchi hii, na lilipata kujadiliwa kwa uchungu mkubwa kuliko leo, huko Tabora, Januari 1958. Mkutano mkuu wa TANU ulikutana kuamua kama Waafrika washiriki katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria ambao masharti yake yalikuwa dhuluma tupu. Mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Na haki ya kupiga kura ilitegemea mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu au cheo cha kadiri iliyowekwa. Mkulima wa kawaida wa Ugogo au Unyamwezi alifungiwa mlango. Wengi walitaka kususa, na hoja yao ilikuwa ya haki. Mwalimu Nyerere, naye alikuwa na miaka 35 tu, aliwashawishi waingie katika uchaguzi ule mbaya ili kuuondoa. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitenga na kuunda chama chake. Uchaguzi ulifanyika Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea wa upande wa TANU wakashinda. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961.

Anayetumia habari ya Tabora kuwanyamazisha vijana wa leo aseme na sehemu ya pili, kwamba sheria ile ilikuwa mbaya, lakini kura zilizopigwa zilihesabiwa kama zilivyopigwa. Pasipo hilo, shauri la Mwalimu lingekuwa ujinga. Kwa hiyo wenye mamlaka wana deni kwa vijana, nalo si la maneno. Walakini kijana naye aangalie alilofundishwa na Tabora: waliosusa mlango mdogo uliokuwa wazi hawakuufungua ule mkubwa. Katika mkutano wa kijiji mikono huhesabiwa mchana mbele ya jirani zako, na kudanganya hapo kwahitaji ujasiri mwingi zaidi kuliko katika chumba kilichofungwa.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo ya tarehe 7 Desemba 1965, wawakumbusha raia wote haki yao, ambayo papo hapo ni wajibu, ya kutumia kura yao kwa uhuru kwa ajili ya manufaa ya wote. Hausemi kwamba Mkristo aweza kutubu dhambi zake za nyumbani na kuacha zile za kijiji.

Neno kwa wazazi. Kijana akisimama mkutanoni akauliza hesabu za kisima, ni nani wa kwanza kumwambia "Kaa chini, we mtoto"? Mara nyingi ni baba yake. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo asikubali kudharauliwa kwa sababu ya ujana wake. Twaweza kudhani walikuwapo waliomdharau. Na mapadre tusijitoe. Zipo jumuiya ndogo ndogo ambazo mwenyekiti wake ni yuleyule tangu kanisa liezekwe kwa bati, na VIWAWA hupewa kazi ya kubeba viti. Kijana asiyepata kuona hesabu ya sadaka ya jumuiya yake ikisomwa wazi, atajifunzia wapi kuidai hesabu ya kijiji?

Basi jambo lenyewe ni la wiki hii. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Kijana amwendee mtendaji wa kijiji, aulize tarehe ya mkutano ujao. Waende watatu au wanne, si mmoja, wakae mbele, waombe kusomewa muhtasari wa mkutano uliopita, na mapato na matumizi, na orodha ya ardhi iliyogawiwa na majina ya waliogawiwa. Waulize kwa adabu, wakitanguliza shikamoo, na waandike majibu kwenye daftari. Wakiambiwa kwamba mkutano haujaitishwa tangu mwaka jana, waandike barua kwa mwenyekiti, watie sahihi wote, na nakala waipeleke kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya, na nyingine waiweke nyumbani.