Hesabu ya Mpasuaji

Katika kazi zote ambazo mtu huweza kumfanyia mwenziwe kwa ridhaa yake, sidhani kama iko inayodai imani kubwa kuliko upasuaji. Mwenye mwili hulazwa juu ya meza, hupewa dawa ya usingizi, na tangu hapo hajui linalotendeka. Akizinduka huambiwa kwamba kazi imekwenda vizuri. Neno hilo ni tamu masikioni mwa mgonjwa na jamaa zake; walakini, msomaji, tukilishika na kuligeuza twaona lina swali ndani yake. Vizuri kwa kipimo gani? Na mwenye haki ya kupima ni nani: aliyeshika kisu, au aliyepitiwa na kisu?

Nimechagua kulitazama swali hili katika upasuaji wa njia ya mkojo. Hiyo ndiyo sehemu ya mwili ifunikwayo na haya nyingi kuliko zote, na penye haya ndipo hesabu hupotea.

Ugonjwa wa mawe katika kibofu ni wa kale sana. Kiapo cha waganga kinachonasibishwa na Hippocrates wa Uyunani kilimkataza mganga kuwapasua wenye mawe, kikamtaka awaachie mafundi wa kazi hiyo. Si vigumu kukisia kwamba hatari ilikuwa kubwa mno. Mmoja wa waliookoka katika hatari hiyo ni Mwingereza Samuel Pepys, mtunza shajara maarufu. Tarehe 26 Machi, 1658, akiwa kijana wa miaka 25, alifungwa barabara ili asijitikise, kwa maana dawa ya usingizi haikuwako bado, na mpasuaji Thomas Hollier akamtoa jiwe lililosemwa kuwa kubwa kama mpira wa tenisi. Pepys akaishi miaka 45 zaidi. Siku ile aliiadhimisha kwa karamu mwaka hata mwaka, na jiwe lenyewe alilitengenezea kijaluba, akalitunza kama mtu atunzavyo kito.

Ungalimwuliza mtu huyo kama Hollier alifaulu, angalikushangaa. Hata hivyo Pepys hakupata mtoto, na wajuzi kadha wa baadaye wamedhani kwamba kisu kile kilizidhuru njia za mbegu zake za uzazi. Jambo hilo haliwezi kuthibitishwa leo. Ninalotaka ulione ni kwamba hata kama lilikuwa kweli, halikuwa na mahali pa kuandikwa. Mpasuaji wa zama zile, kama alihesabu kabisa, alikuwa na safu mbili tu: waliokufa na waliopona.

Tena hata safu hizo mbili zilihitaji mkono mwaminifu. William Cheselden, mpasuaji wa hospitali ya St Thomas's mjini London, alianza mwaka 1727 kutumia njia mpya ya kupasua kwa upande wa msamba, naye alikuwa mwepesi hata akaweza kulitoa jiwe kwa muda wa dakika moja au pungufu. Alipotangaza matokeo yake alisema amewapasua hospitalini watu 213, wakafa 20. Hakuishia hapo. Alieleza kwamba katika 50 wa kwanza walikufa 3, katika 50 wa pili 3, katika 50 wa tatu 8, na katika 63 wa mwisho 6. Wale aliowapasua kwa faragha hakuwaingiza, kwa kuwa hawakuwa na mashahidi wa kutosha.

Itazame ile nane, msomaji. Mtu wa hila angaliizamisha katika jumla, wala hapana ambaye angaliiona. Cheselden aliiacha juu ya maji, akatoa na sababu yake: sifa ya kazi yake ilipoenea, walimjia hata wazee na wagonjwa waliokwisha kuchakaa, wakitumaini kuokolewa. Hapa pana mtego ambao wengi wasifuo hesabu hawauoni. Mpasuaji akijua kwamba atapimwa kwa idadi ya vifo tu, njia iliyo rahisi ya kuwa na jina jema ni kuwakataa wagonjwa walio hoi. Kitabu chake kitakuwa cheupe, na makaburi yatakuwa ya watu ambao hawakuguswa na kisu chake. Kwa mizani yangu, ile nane ni heshima kubwa kwake kuliko zile tatu mbili zilizotangulia, maana ni ushahidi kwamba mlango haukufungwa.

Lakini Cheselden naye, pamoja na uaminifu wake wote, katika hesabu ile alihesabu vifo. Vipi wale waliotoka hospitalini kwa miguu yao, wakaenda na dhara ambalo halisemwi mbele za watu?

Mwanamume akizeeka, tezi dume, ambayo huzunguka njia ya mkojo chini ya kibofu, huweza kukua ikaubana mkojo, au kuingiwa na saratani. Ikibidi kuiondoa yote kwa ajili ya saratani, mgonjwa huenda akashindwa kuuzuia mkojo kwa muda, au akapotewa na nguvu za kiume. Kwa miaka mingi ya karne ya ishirini karibu kila mtu aliyepasuliwa hivyo alipotewa na nguvu hizo, na wapasuaji waliliona jambo hilo kuwa bei ya uhai. Bei ikishakubaliwa sokoni, ni nadra mtu kuuliza kwa nini ni kubwa. Mpasuaji mmoja wa Marekani, Patrick Walsh, aliuliza. Mwaka 1981 alikutana huko Leiden, Uholanzi, na mtaalamu mzee, Pieter Donker, wakaifuata kwa uvumilivu mishipa midogo ya fahamu ipitayo kandokando ya tezi. Mwaka 1982, mjini Baltimore, Walsh alimpasua mgonjwa akiiepuka mishipa ile kwa makusudi, na mgonjwa yule akabaki na nguvu zake. Hata leo si wote wabakio salama, lakini ni wengi kuliko zamani. Mishipa ile ilikuwa pale tangu Adamu. Iliyokosekana ni safu ya tatu katika daftari.

Hayo ni ya Ulaya na Marekani. Kwetu safu hiyo huzuiwa na kitu kizuri, nacho ni heshima. Daktari ana umri wa mjukuu, na mgonjwa ni mzee wa baraza. Katikati yao husimama mwana wa mzee, akifasiri kwa lugha ya nyumbani. Daktari hutaja kuvuja kwa mkojo na kudhoofika kwa nguvu za kiume, mwana huona aibu, hulimeza neno, naye hutafsiri, "Baba, wanasema utapona." Mzee hutia kidole gumba katika wino, na karatasi hushuhudia kwamba ameelewa yote.

Namjua mzee mmoja aliyepasuliwa kwa namna hiyo. Ugonjwa ulimwondoka, bali mkojo ukawa wamponyoka kila akohoapo. Akaacha kwenda barazani na sala, akaketi nyuma ya nyumba yake, akishuku kwamba kuna mtu aliyemtenda. Baada ya miezi mingi muuguzi mmoja mtu mzima alimweleza kwamba hali hiyo yajulikana, kwamba huwapata wengi na mara nyingi hupungua, na kwamba kuna mazoezi ya kukaza misuli ya chini. Mzee aliniambia, "Mwalimu, mkojo haukunivunja. Kilichonivunja ni kudhani niko peke yangu."

Wako wasemao kwamba mgonjwa akiambiwa yote ataogopa, atatoroka, atafia nyumbani. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani hofu huua. Lakini mara nyingi atishaye ni msemaji asiyepima, amwagaye hatari zote kwa sauti moja, iliyo nadra pamoja na iliyo ya kawaida. Mzee aliyeuza ng'ombe katika mwaka wa ukame ajua kupima hasara mbili. Mpe mizani aitumie. Na wewe, siku utakapompeleka baba yako hospitalini, mwombe mtu wa rika lake afasiri, kisha utoke chumbani.

Limebaki fundo moja. Wako wazee watakaosema kwa kinywa chao, "Sitaki kujua, mwambie mwanangu." Naona hiyo ni haki yao, maadamu wamesema wao wenyewe, wala hawakusemewa. Mwana atalibeba neno zito. Na daktari, kabla ya kunoa kisu, hana budi kumwendea mzee tena siku ya pili, wakiwa wawili tu, amwulize kama bado hataki.