Ukamilifu si Kutokosea

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yatolewapo, nyumba nyingi za Korogwe na Handeni hupata shangwe, na nyingine hupata kimya. Katika hizo za kimya yumo kijana aliyezoea kuwa wa kwanza darasani. Amepata daraja la pili, naye ajihesabu kuwa si kitu. Wazazi nao, badala ya kumpa pole, wamtajia mtoto wa jirani. Juu ya jambo hili twataka kusema na wasomaji wetu.

Wako wadhanio kwamba Bwana wetu ndiye aliyetubebesha mzigo huo, alipotuagiza tuwe wakamilifu kama Baba wa mbinguni. Kweli aliagiza. Lakini tusome yatanguliayo agizo hilo katika Injili ya Mathayo, sura ya 5: ni habari ya kuwapenda adui, na ya Baba ambaye jua na mvua yake huwafikia wema na wabaya pia. Mtakatifu Luka, aletapo fundisho hilo hilo, ataja huruma. Basi ukamilifu tulioagizwa ni wa mapendo, nao wawezekana hata kwa aliyeshindwa mtihani.

Tena, katika mfano wa talanta, mtumwa aliyelaumiwa hakupata hasara sokoni. Aliiogopa hasara, akaifukia talanta yake. Hofu ya kukosea ndiyo iliyomkosesha.

Watu wa Korogwe wana mfano mwingine mbele ya macho yao, nao ni mkonge. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mtu wa kutaka yote au kukosa yote angaliitupa. Yeye aliipanda; na kwa jasho la manamba mashamba yakaenea, hata katika miaka ya 1960 nchi yetu ikatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani. Baadaye nyuzi za viwandani zilienea, bei ikaanguka, mashamba mengi yakawa vichaka. Hata fanikio kubwa hupita. Mtu asiipime roho yake kwa hilo.

Naye mkulima wa Handeni, mvua ikikatika na mahindi kunyauka, hupanda tena. Hakuna amwitaye mpumbavu.

Hatusemi watoto wasijitahidi. Uvivu ni dhambi. Twasema juhudi isigeuke hofu. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora. Yafaa nini Baraza likiacha kuwapanga watoto wetu, ikiwa sisi twawapanga mezani kwetu?

Petro alimkana Bwana mara tatu, naye akakabidhiwa kundi. Sakramenti ya Kitubio imewekwa kwa sababu Kristo alijua kwamba tutaanguka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Enyi wazazi, mwiteni jioni hii kijana aliyejificha chumbani. Ale pamoja nanyi, kisha mhesabu naye miche iliyo hai, na mahali pa kuipanda.